Mwezi Mwandamo, Kupatwa na Nyota Kubwa: Mwongozo Kamili wa Kusoma Mbingu Ukiwa Mombasa

Kila kunapotangazwa kupatwa kwa jua au kwa mwezi, simu za watu Mombasa hujaa jumbe za kutabiriana: nani nyota yake itang'ara, nani asifungue duka, nani asisafiri. Ukizichambua utaona nyingi zina ila moja. Aliyeandika ametazama jedwali la digrii, akakuta mwezi na nyota fulani ziko kwenye tarakimu moja, akaanza kutisha watu. Hakutoka nje kuangalia kama vitu hivyo viwili vina ujirani wowote angani. Mwongozo huu unaanza na ujirani huo, na maana inafuata baadaye.

Nachukulia kwamba buruji kumi na mbili unazijua, kuanzia Punda hadi Samaki, au Hamali hadi Hutu kama ulizisikia chuoni. Unahitaji pia programu ya nyota. Stellarium ni ya bure kwenye kompyuta, na inatosha. Daftari lazima, na sababu yake utaiona mwishoni.

Kabla hatujaanza, jambo moja liwe wazi. Unajimu haujathibitishwa na sayansi, na mashehe wengi wa mji huu hutenganisha falaki ya kujulia kibla na nyakati za swala, ambayo wanaikubali, na utabiri, ambao wanaukataza. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (SAW), jua lilipatwa na watu wakaunganisha mambo hayo mawili. Mtume akawaambia kwamba jua na mwezi ni alama katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Ninayoeleza hapa ni fani ya kale na kanuni zake kama zilivyo. Ukimkuta mtu anataka pesa akuondolee nuksi ya kupatwa, mfungie mlango.

Hatua ya 1: Tafuta saa ya mkutano

Sisi tukisema mwezi umeandama, tunakusudia ule mwezi mchanga unaoonekana magharibi jua likishazama. Mnajimu hahesabu huo. Anahesabu dakika ambayo jua na mwezi vinakuwa kwenye digrii moja, na wakati huo mwezi hauonekani kabisa. Kuandama huja siku moja au mbili baadaye.

Chukua mwezi uliofungua Mfungo Sita mwaka 2025. Mkutano ulikuwa Jumamosi tarehe 23 Agosti, saa 3:06 asubuhi kwa saa za hapa. Jioni ile mwezi ulikuwa bado mchanga mno, umri wake haukutimia hata saa kumi. Anayechora ramani ya nyota kwa jioni ya kuandama anachora kitu kingine kabisa.

Kupatwa ni mkutano huohuo ukitokea mahali maalumu. Njia ya mwezi imeinama kama digrii 5 kutoka njia ya jua, kwa hiyo miezi mingi mwezi hupita juu au chini yake. Ukikutana na jua karibu na pale njia mbili zinapokatana, jua hupatwa. Ukiwa mpevu karibu na pale, hupatwa mwezi wenyewe.

Hatua ya 2: Geuza saa

Hapa ndipo wengi hukosea. Majedwali hutoa saa ya Greenwich: ongeza tatu upate ya Kenya. Kisha kumbuka kwamba programu itakuandikia 09:06, nayo kwetu ni saa tatu na dakika sita asubuhi. Ukichanganya saa hizo mbili, burji linalochomoza mashariki linabadilika lote, maana kila burji huchukua kama saa mbili kuchomoza. Mahali andika Mombasa: digrii 4 kusini, digrii 39 na dakika 40 mashariki.

Hatua ya 3: Weka orodha fupi ya nyota

Majina mengi ambayo wazungu wanayatumia yametoka kwenye Kiarabu, kwa hiyo usiyaogope. Nakupa saba tu, na digrii zake kwa mwaka 2026; dakika hapa ni sehemu ya sitini ya digrii, si ya saa. Tarakimu ya pili, umbali kutoka njia ya jua, ndiyo ambayo jumbe za simu haziitaji kamwe.

- Kalbu l-Asadi, moyo wa simba, programu huiita Regulus: digrii 0 na dakika 12 ya Mashuke. Iko nusu digrii tu kaskazini mwa njia ya jua.
- Simaki, programu huiita Spica: digrii 24 na dakika 12 ya Mizani. Digrii 2 kusini.
- Kalbu l-Akrabu, moyo wa nge, yaani Antares: digrii 10 na dakika 8 ya Mshale. Digrii 4 na nusu kusini.
- Dabarani, yaani Aldebaran: digrii 10 na dakika 9 ya Mapacha. Digrii 5 na nusu kusini.
- Kilimia, kundi ambalo programu huliita Pleiades: mwanzo kabisa wa Mapacha, kama dakika 22. Digrii 4 kaskazini.
- Fumu l-Huti, mdomo wa samaki, yaani Fomalhaut: digrii 4 na dakika 14 ya Samaki. Digrii 21 kusini.
- Rasi l-Ghuli, kichwa cha zimwi, yaani Algol: digrii 26 na dakika 32 ya Ng'ombe. Digrii 22 kaskazini.

Suheli haimo, ingawa ndiyo nyota ya pili kwa mng'aro usiku na mabaharia wa mwambao wameitegemea tangu zamani. Iko digrii 76 kutoka njia ya jua. Mwezi hauifikii hata siku moja.

Ukiwa na kitabu cha zamani, usinakili digrii zake hivihivi. Nyota husogea kwenye buruji digrii moja kila miaka 72. Kalbu l-Asadi ilikuwa kwenye burji la Simba kwa zaidi ya miaka elfu mbili, ikavuka kuingia Mashuke mnamo 2012. Angani bado iko kifuani mwa simba. Kilichosogea ni kipimo chetu.

Hatua ya 4: Pima ujirani wa kweli

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ningependa uirudie mpaka iwe tabia.

Digrii za buruji zinapima upande mmoja tu, mashariki na magharibi. Hazikwambii kitu kiko juu au chini kiasi gani. Mtu wa Kongowea na mtu wa Shimoni wanaweza wote kuitwa watu wa pwani, lakini hawasikii adhana ya msikiti mmoja. Vivyo hivyo mwezi na nyota vinaweza kuandikwa digrii moja huku vikiwa pande mbili za mbingu.

Mfano mzuri ni kupatwa kwa mwezi kwa tarehe 7 Septemba 2025, ambako Mombasa ilikuona kwote, mwezi ukiwa mwekundu kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku. Mwezi ulikuwa digrii 15 ya Samaki. Nyota iitwayo Achernar nayo huandikwa digrii 15 ya Samaki. Kwenye karatasi wamekumbatiana. Angani walitengana karibu digrii 60, theluthi nzima ya mbingu kutoka upeo hadi upeo. Ukimwona mtu anakupa maana ya Achernar kwa usiku ule, jua hakuinua kichwa.

Kanuni ninayoitumia ni hii. Kwa upande wa buruji, usizidi digrii 2 kwa nyota zinazong'aa sana, digrii 1 kwa nyingine. Kwa upande wa juu na chini, nyota ikiwa zaidi ya digrii 6 kutoka mwezi, iandike pembeni kama "ya karatasi" na usiipe uzito. Kwa kanuni hii nyota kubwa zinabaki nne: Kalbu l-Asadi, Simaki, Kalbu l-Akrabu na Dabarani, pamoja na kundi la Kilimia. Hizo ndizo mwezi unaweza hata kuzifunika kabisa. Wapo wanajimu watakaonipinga, hasa kwa Fumu l-Huti, kwa sababu desturi imeihesabu miongoni mwa nyota nne za kifalme. Wana hoja ya desturi. Mimi nashika macho.

Kupima angani hakuhitaji chombo. Nyosha mkono: upana wa ngumi ni kama digrii 10, kidole cha mwisho ni kama digrii 1, na mwezi wenyewe ni nusu digrii.

Sasa jaribu kanuni kwa tarehe tatu.

Tarehe 16 Mei 2026, saa 5:01 usiku, mkutano uko karibu digrii 26 ya Ng'ombe. Jedwali litapiga kelele: Rasi l-Ghuli, nyota ya nuhusi kuliko zote! Pima. Rasi l-Ghuli iko digrii 22 kaskazini mwa njia ya jua, na mwezi siku hiyo uko digrii 5 tu kaskazini. Jirani wa kweli ni Kilimia, kama digrii 5 kutoka kwenye mwezi. Imepita mpaka wa digrii za buruji, kwa hiyo naiandika kwa penseli, lakini ina haki zaidi kuliko zimwi.

Tarehe 31 Mei 2026, saa 5:45 asubuhi, mwezi ni mpevu karibu digrii 10 ya Mshale, nao uko digrii 5 hivi kusini mwa njia ya jua. Kalbu l-Akrabu iko palepale kwa vipimo vyote viwili. Huu ni ujirani usio na shaka. Toka alfajiri ya siku hiyo, au usiku unaofuata, utaiona ile nyota nyekundu digrii chache kutoka kwenye mwezi.

Na ule wa tarehe 23 Agosti 2025? Digrii 0 na dakika 23 ya Mashuke, kwa hiyo Kalbu l-Asadi iko dakika 11 tu nyuma. Unapita kwa heshima zote. Shida ni kwamba hauonekani: mwezi, jua na nyota viko pamoja mchana. Nyota hiyo hurudi kuonekana alfajiri upande wa bahari mnamo katikati ya Septemba.

Hatua ya 5: Toa maana

Ptolemy, aliyeandika kule Alexandria katika karne ya 2, aliipa kila nyota tabia ya sayari. Wanajimu wa Kiarabu waliichukua njia hiyo, na ndiyo iliyo salama kwa anayeanza: soma sayari, usikariri sentensi.

Kalbu l-Asadi ana tabia ya Mirihi (Mars) na Mushtari (Jupiter). Nguvu na cheo. Mwezi mpya hapo husomwa kama mwanzo wa uongozi: kushika nafasi, kuanza jambo kwa jina lako, kusimama mbele za watu. Upande wa Mirihi ndio hatari yake, cheo kinachotafutwa kwa kulipiza kisasi.

Kalbu l-Akrabu ana sayari hizohizo lakini Mirihi ndiye mkubwa. Wingi wa ushupavu. Desturi inaisoma kama jambo linalofika mwisho wake kwa kishindo, na kwa mwezi mpevu ndivyo hasa. Ningemwambia mtu mwenye kesi au ugomvi wa mirathi asitafute suluhu ya hasira wiki hiyo.

Dabarani ni Mirihi mtupu, ila nidhamu yake ni ya askari. Ahadi, uaminifu, mkataba.

Simaki ni Zuhura (Venus) na chembe ya Mirihi. Hii ndiyo nyota ya saadi kuliko zote zilizo karibu na njia ya jua: kipaji, mavuno, kazi ya mikono inayolipa. Fumu l-Huti ni Zuhura na Utaridi (Mercury), usanii na maneno, lakini tumeshakubaliana nayo iko wapi.

Kilimia inahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa desturi mbili zinagongana. Vitabu vilivyotoka kwa Wagiriki vinaisoma kwa machozi na maradhi ya macho. Kwetu Kilimia ni nyota ya jembe, na wazee walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Methali hiyo ina hesabu ndani yake. Mwishoni mwa Aprili na Mei, Kilimia huzama pamoja na jua, masika yakiwa yamekolea. Hurudi alfajiri mwezi Juni, mvua kubwa zikiwa zimepungua. Kwa hiyo mwezi mpya karibu na Kilimia, ambao daima huja Mei, mimi nausoma Kiswahili: kuzika mbegu, kungoja, kutohukumu kazi ambayo bado iko chini ya udongo. Sioni sababu ya kumpa mkulima wa Kwale machozi ya Mgiriki.

Rasi l-Ghuli ni Zohali (Saturn) na Mushtari kwa Ptolemy, na hofu yake huenda imetokana na tabia yake angani: hufifia waziwazi kila siku 2, saa 20 na dakika 49, kwa sababu nyota nyingine hupita mbele yake.

Hatua ya 6: Kupatwa, pima muda na mahali

Mwezi mpya wa kawaida husomwa kwa mwezi mmoja. Kupatwa hudumu zaidi, na Ptolemy ana kanuni tatu zinazotosha. Kwanza, kama hakuonekani mahali ulipo, hakukuhusu. Pili, kila saa ya kupatwa kwa jua ni mwaka mmoja wa athari, na kila saa ya kupatwa kwa mwezi ni mwezi mmoja. Tatu, kukitokea upande wa mashariki uzito uko mwanzoni mwa muda huo, katikati ya mbingu uzito uko katikati, magharibi uko mwishoni.

Fanya hesabu ya tarehe 28 Agosti 2026, katikati ya Mfungo Sita. Mwezi unapatwa kwa zaidi ya tisa ya kumi, digrii 4 na dakika 54 ya Samaki. Mombasa unaanza kuingia kivulini saa 11:34 alfajiri, ukiwa chini magharibi, na unazama ukiwa bado unaliwa. Hutaona kilele chake. Tafuta mahali penye upeo wazi wa magharibi, mfano Tudor au Mikindani. Ufuo wa Nyali hautakufaa. Fumu l-Huti utaiona kushoto, upande wa kusini, ngumi mbili na zaidi kutoka kwenye mwezi. Kwa hiyo ni nyota ya karatasi, lakini kwa jicho hili unaweza kuithibitisha mwenyewe.

Kupatwa huko huchukua saa 3 na dakika 18. Kwa kanuni, ni miezi mitatu na kidogo, hadi mapema Desemba. Kuko magharibi, basi uzito unaangukia Novemba. Andika hivyo, usiongeze.

Usiku wa kuamkia 21 Februari 2027 ni kinyume chake. Mwezi uko kama digrii 2 na nusu kutoka kwa Kalbu l-Asadi, juu kabisa Mombasa, kilele saa 8:13 usiku. Ila unagusa kivuli chepesi tu, utaona upande mmoja umefifia kama moshi. Ujirani wa nyota upo, kupatwa kwenyewe ni dhaifu, na watu wa kale hawakukuhesabu. Nausoma kama mwezi mpevu wa kawaida.

Hatua ya 7: Peleka kwa mtu

Hapa Mombasa watu wengi hutafutiwa nyota kwa kujumlisha hesabu ya abjadi, yaani tarakimu ya kila herufi ya Kiarabu, ya jina lao na la mama, kisha kugawa kwa kumi na mbili. Njia hiyo hutoa burji, haitoi digrii, na bila digrii huwezi kuliunganisha na mwezi wowote. Unahitaji tarehe ya kuzaliwa, na saa ikipatikana.

Tafuta jua, mwezi na burji lililokuwa linachomoza. Kama hakuna hata kimoja ndani ya digrii 3 ya mkutano, au mkabala wake, yaani upande wa pili wa mbingu, mwambie mtu huyo kwamba mwezi huo haumgusi. Jibu hilo halifurahishi, lakini ndilo litakalokuwa kweli mara nyingi. Aliyezaliwa kati ya 22 na 24 Agosti ana jua lake karibu na Kalbu l-Asadi. Aliyezaliwa 27 au 28 Agosti atapata kupatwa kwa 2026 mkabala na jua lake.

Hatua ya 8: Rudi nyuma miaka 19

Mwezi mpya hurudi tarehe ileile na nyota ileile baada ya miaka 19. Mkutano wa 23 Agosti 2025 ulikuwapo pia 23 Agosti 2006, na utarudi 23 Agosti 2044, safari hiyo jua likipatwa kabisa, ingawa si kwetu. Mfuatano mwingine ni 22 Agosti 1998, 21 Agosti 2017 na 21 Agosti 2036. Muulize mtu ilikuwaje maisha yake miaka hiyo kabla hujamwambia nyota inasema nini.

Hapa kuna mtego mkubwa. Tarehe 21 Agosti 2017 jua lilipatwa kama digrii 1 kutoka kwa Kalbu l-Asadi, nyota ya watawala, wiki mbili baada ya uchaguzi wetu. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais. Mnajimu gani ataacha hadithi hiyo? Lakini kupatwa huko kulipita Marekani, Kenya hakukuonekana, na kwa kanuni ya kwanza ya Ptolemy mwenyewe hakukutuhusu. Ukivunja kanuni kila inapokunyima hadithi nzuri, huna kanuni. Ndiyo kazi ya daftari: andika usomaji wako kabla ya tukio, na tarehe ya mwisho ya athari, halafu usiuguse.

Kitu kimoja utakachokiona kikitimia bila kukosa ni bamvua. Siku moja au mbili baada ya kila mwezi mpya na kila mwezi mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, iwe kuna nyota karibu au hakuna. Kiandike kwenye safu yake, kisije kikahesabiwa kama utabiri uliofaulu.

Kisha jiandae kwa 2 Agosti 2027. Jua litapatwa kabisa Misri, Makka na kaskazini mwa Somalia, na Mombasa tutaona sehemu yake mchana. Litakuwa karibu digrii 10 ya Simba. Hakuna nyota kubwa hapo. Kuna kundi hafifu tu ambalo Waarabu waliliita Nathra. Andika "hakuna nyota", soma sayari peke yake, na nunua mapema miwani yenye alama ya ISO 12312-2. Picha ya eksirei na kioo cha moshi havikingi macho.